Kilo Mia Sita na Ishirini

Malachie alirudi nyumbani Ijumaa saa tisa mchana, akaliegesha gari mbele ya mlango, si pale lilipozoea kulala kando ya jiko, ili kila jirani apitaye aone. Tairi mbili za nyuma zilikuwa zinang'aa. Ananie, muuzaji wa tairi kuukuu kule chini sokoni, alikuwa amezipaka ile dawa nyeusi inayofanya hata tairi ya miaka kumi ionekane kama kiatu cha kipaimara.

"Jokébed," alimwita mkewe. "Toka uone miguu mipya ya mutoto wetu."

Mtoto huyo alikuwa Hiace nyeupe iliyoilisha nyumba ile kwa miaka tisa. Kesho yake, Jumamosi, ilipaswa kubeba mahari ya Muyisa, mwana wao wa kwanza, kutoka Butembo hadi Beni, komini ya Ruwenzori, nyumbani kwa kina Adèle, mchumba wake. Safari ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza barabara ilifungwa, mara ya pili palikuwa na msiba. Zorobabel, baba mdogo wa Adèle, aliyesimama mahali pa ndugu yake marehemu, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja tu: kesho kabla ya saa sita, kila kitu pamoja, la sivyo mbuzi wabaki wakila majani ya Butembo, na binti abaki akila ugali wa Beni.

Jokébed alitoka akijipangusa mikono kwenye kitenge. Aliziangalia tairi, kisha akamwangalia mumewe.

"Zinametameta. Zinabebaka?"

"Kubeba? Hizi zinakimbia. Jemima, kuya usomee mama yako."

Jemima alikuwa mtoto wa pili, miaka ishirini na mitatu, mwenye diploma ya usafirishaji na sauti ndogo mno. Nyumbani walizoea kuulizana, "Jemima amesema kitu?" naye alikuwa ameshasema mara mbili. Alichuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi, juu ya herufi zilizochomoza.

"Makumi tisa na sita, S," alisoma.

"S," Malachie akarudia, akiinua sauti kidogo kwa ajili ya jirani. "Ananie amenieleza. S ni kilometa mia moja na makumi munane ku saa. Zile zetu za zamani zilikuwa L. L ni mia na makumi mbili tu. Donc tumepanda darasa."

"Ku njia ya Beni," Jokébed akasema, "kuku inakupitaka."

Jemima hakucheka. Alikuwa bado na kidole juu ya ile namba. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na daftari lake la chuo. Wakati wa mafunzo ya kazi alikuwa amewekwa miezi mitatu katika garaji ya shirika moja lenye magari mengi. Ukutani palikuwa na jedwali la namba za tairi, na kwa sababu hakuna aliyemtuma kitu siku ya kwanza, alilinakili lote.

"Papa, zile za zamani, mbele ya L kulikuwa namba gani?"

"Mia moja na saba. Ananie anasema ile ni ya macamion, inafanya gari inaruka-ruka kama mbuzi."

"Papa, herufi ni ya mbio. Namba njo ya muzigo." Alikuwa akiliambia daftari. "Mia moja na saba, pneu moja inabeba kilo mia tisa na makumi saba na tano. Hii ya makumi tisa na sita inabeba mia saba na kumi."

Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika.

"Miaka makumi mbili na mbili niko ku usukani," Malachie akasema polepole. "Sijasomaka pneu. Natazamaka meno. Tazama hizi meno. Hata mamba haina hizi."

"Meno ni mazuri, papa."

"Sasa?"

Jemima alifunua ukurasa mwingine. Alieleza kwamba gari hilo, likiwa tupu, huziwekea tairi za nyuma karibu kilo mia nane. Tairi zote mbili pamoja zinaweza elfu moja mia nne na ishirini. Kinachobaki ni kilo mia sita na ishirini. Humo waingie watu wa nyuma, mbuzi sita na mifuko minne ya viazi.

"Mifuko peke yake ni mia ine," alimalizia.

"Ngoja," Jokébed akasema. "Mia ine namna gani?"

"Mifuko ine, mama. Mufuko ni kilo mia."

Jokébed alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea gari. Alikuwa muuzaji wa viazi tangu ujana wake, na alijua kitu ambacho hakuna chuo kilichomfundisha bintiye. Mfuko wa viazi unaotoka Kipese una kichwa. Mkulima huujaza hadi mdomoni, kisha hupanga viazi vingine juu ya mdomo, akavisuka kwa kamba na majani mpaka mfuko unakuwa kama mwanamke aliyebeba beseni. Mnunuzi hulipia mfuko, kichwa ni heshima. Butembo nzima hakuna mtu anayekubali mfuko usio na kichwa.

"Mufuko ya Kipese haijapata kuwa mia," alisema akifuta machozi. "Ni mia na makumi tatu, mia na makumi ine. Shule ilikufundisha pneu, mutoto yangu. Haikukufundisha mufuko."

Jemima aliandika upya. Kisha alilifunga daftari taratibu. Viazi peke yake vilikaribia kumaliza nafasi yote, na Jokébed akaacha kucheka.

*

Ananie alikuwa ameketi juu ya mrundo wa tairi kama mfalme. Alimsikiliza Malachie, aliyekuja na Jemima, mpaka mwisho, akampa pole, akamwagizia kiti.

"Mukubwa, pneu ikishapanda ku gari ni kama bibi-arusi. Hairudi kwa baba yake."

"Nipe basi za mia moja na saba. Tubadilishane."

"Za mwisho zimeenda jana. Zingine zinatoka Kampala, zitafika siku ya pili." Alihesabu kwa vidole mpaka Jumanne. "Mardi."

"Na zile zangu za zamani?"

Ananie alielekeza kidevu. Chini ya turubai, fundi wa sandale alikuwa ameshaipasua moja, akichora nyayo kwa chaki. Nyuzi za ile ya pili zilikuwa nje kama matumbo. Hata Jemima aliona kwamba ile isingefika hata nusu ya njia.

"Nani amekuambia habari ya namba?" Ananie akauliza.

Malachie alimtazama bintiye. Ananie naye akamtazama, akaona daftari.

"Ah. Mademoiselle. Umesoma pneu? Mwanaume atakuya kukuchumbia, utamupikia tableau ya namba?"

Watu wa pale walicheka, hata fundi wa sandale. Jemima alitazama viatu vyake. Alitaka sana kuwa nyumbani.

Malachie alikuja pale akiwa amemkasirikia bintiye, maana ni aibu kurekebishwa mbele ya mke na jirani siku moja. Sasa alisikia kicheko kile kikimpata yeye zaidi kuliko mtoto.

"Muchekeni," alisema. "Lakini miye nimeuliza weye kama inabeba, ukanijibu inakimbia. Yeye sijamuuliza, akanijibu."

Ananie aliacha kucheka kwanza.

Walirudi kwa miguu. Gari za kukodi hazikuwapo. Jumamosi ile palikuwa na harusi nne mjini, na kila Hiace ilikuwa imeshachukuliwa na kwaya fulani. Kupeleka mahari kwa safari mbili hakukuwezekana pia, kwa kuwa Zorobabel alisema kila kitu pamoja, na barabara yenyewe haikuwa ya kuchezea baada ya saa kumi.

"Ile namba," Malachie akasema walipofika kwenye mteremko wa nyumbani, "inasema pneu itapasuka?"

"Hapana, papa. Inasema tu, ukipita pale, wenye kuitengeneza hawako tena nyuma yako."

Alitembea hatua kadhaa. Alikuwa anaifikiria Kabasha, mahali barabara inapoanguka kuelekea Beni, ukuta upande mmoja na hewa upande mwingine. Mwaka uliopita alisaidia kutoa watu katika gari moja pale chini. Tairi zake zilikuwa na meno mazuri.

"Ku Kabasha," alisema, "napenda mutu abaki nyuma yangu. Bon. Kesho tutapima."

"Viazi?"

"Bintu byote. Na batu."

*

Jua lilipochomoza walikuwa wamekusanyika kwenye depo ya Jokébed, mbele ya bascule, mizani ya chuma yenye uzito wa kusogeza. Walipaswa kusafiri watu tisa. Binamu watatu waliambiwa pale pale kwamba hawaendi. Walikuwa wamevaa suti. Mmoja alisema hajawahi kuona mtu anaachwa kwa ajili ya kiazi, akaondoka bila kuaga.

Mbuzi walikataa kusimama. Ikabidi Muyisa, bwana-arusi mwenyewe, apande na kila mmoja mikononi, na Jemima atoe kilo za kaka yake. Shati jeupe la Muyisa lilipata nyayo sita. Mbuzi wote pamoja walikuwa kilo mia moja sitini na nane.

"Nitafika kwa Adèle niko nanuka beberu," Muyisa akasema.

"Azoee mapema," mama yake akajibu.

Akaja Mzee Lusenge, msemaji wa familia, katekista mstaafu, katika koti lake jeusi la sherehe. Alipanda kwenye bascule akiwa ameshika kofia kifuani kama anapokea komunyo.

"Kilo makumi tano na tatu, muzee."

"Pamoja na koti?"

"Na koti, na fimbo."

Alifikiri kidogo. "Kumbe miye ni nusu mufuko."

Jokébed alikuwa kilo sabini na moja, Muyisa sitini na sita, Jemima arobaini na tisa. "Nibaki," Jemima akasema, "tupate nafasi." Baba yake akajibu bila kugeuka kwamba akibaki yeye, nani atafanya hesabu njiani.

Kisha alibaki tante Bénite.

Bénite alikuwa dada mkubwa wa Malachie, muuza vitenge. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa vitatu, kimoja juu ya kingine, na kilemba kirefu. Katika familia ile mahari hayakuingia nyumba ya watu bila shangazi.

"Miye si kiazi," alisema.

"Dada, ni kwa ajili ya Kabasha," Malachie akajaribu.

"Kabasha inanijua. Nimeipita mbele weye uzaliwe."

Jemima alimkaribia, akamnong'oneza. Kisha akageuka kwa wengine, na kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza wote waliisikia, aliomba watazame ukuta. Walitazama ukuta, hata Mzee Lusenge. Bascule ililia. Uzito ulisogezwa, ukasogezwa tena, na tena. Kabla yeyote hajageuka, Jemima alikuwa ameshaurudisha kwenye sifuri.

"Ngapi?" Bénite akauliza kwa pumzi.

Jemima alimwambia sikioni.

"Bascule ya mama yako ni mwizi."

"Inawezekana, tante."

"Ukisema kwa mutu..."

"Sitasema."

Aliandika kitu kidogo daftarini, akakifunika kwa kiganja. Kisha ikaja sehemu ngumu. Tairi za mbele za gari zilikuwa bado zile za namba kubwa, zenye meno, na aliyekaa mbele aliziegemea zile zaidi. Jemima aliutazama udongo.

"Tante ataketi mbele. Muzee Lusenge ataketi nyuma."

Kiti cha mbele ni cha msemaji. Msemaji ndiye anayeshuka wa kwanza, wenyeji wakamwona na koti lake, wakajua kwamba wamejiwa na watu.

"Mutoto," Mzee Lusenge akasema, "nyuma kuko nani?"

"Sisi, muzee. Na mbuzi."

"Mbuzi." Alivaa kofia yake. Aliwaza kwa muda ambao kila mtu alijaribu kutomwangalia Bénite. "Bwana Yesu aliingia Yerusalemu juu ya punda. Hakuuliza kama iko kiti ya mbele."

Yalibaki mambo ya viazi. Nafasi ilitosha mifuko miwili tu, na ile bila kichwa. Jokébed alichukua kisu, akamkataza kila mtu kumsaidia, akakata kamba mwenyewe. Viazi vya juu vilibingirika sakafuni. Alipomaliza, mifuko ilisimama mifupi, mdomo umeshonwa sawasawa.

"Soko yote inanijua," alisema. "Leo naenda ku bashemeki na mifuko imenyolewa kama mufungwa."

Bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi bila ambayo hakuna anayefungua kinywa, haikuwa na mahali. Bénite aliichukua bila neno, akaiweka mbele, katikati ya miguu yake.

*

Malachie alijaza upepo kama Jemima alivyotaka, akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Tairi za kilometa mia na themanini kwa saa zilitembea kwa thelathini. Pikipiki ziliwapita, zikawapungia mkono. Bajaji moja iliwapita ikiwa na kitanda juu.

"S," Jokébed akasema kutoka nyuma. Malachie alijifanya hasikii.

Walipofika Maboya walisimama. Jemima alishuka, akaweka kiganja ubavuni mwa tairi, akakiacha pale, kama mama anayepima homa ya mtoto. Upande wa pili pia. Aliitikia kwa kichwa, wakaendelea.

Kabasha waliishuka katika gia ya pili. Bénite alikuwa amefumba macho na kukumbatia bidoni, midomo ikienda na rozari ambayo mikono haikuweza kuishika. Nyuma, mbuzi mmoja alikuwa amesimama juu ya mapaja ya Mzee Lusenge, na mzee hakumfukuza, ili uzito usihame. Gari lilinesa kwenye shimo, likashuka, likanesa tena. Jemima alisikiliza upande wa nyuma kwa mwili wake wote.

Chini, barabara iliponyooka na joto la Beni likaingia madirishani, Malachie alisimamisha gari bila kuambiwa. Alishuka yeye. Alichuchumaa, akaweka kiganja chake kipana juu ya tairi, akangoja.

"Joto ya chai ya mutoto," alisema aliporudi kwenye usukani. Hakumtazama yeyote, ila kwenye kioo aliyatafuta macho ya Jemima, akayapata.

*

Saa tano na nusu waliingia uani kwa kina Adèle. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na Zorobabel alikuwa amesimama katikati kwa shati jeupe lililombana tumboni. Alikuwa mnunuzi wa kakao. Jicho lake lilikuwa la mtu anayepima mfuko kabla haujashuka.

Mlango wa mbele ulifunguka, akashuka Bénite, na bidoni. Mlango wa nyuma ulifunguka, akashuka mbuzi, kisha mbuzi mwingine, kisha Mzee Lusenge, manyoya meupe yakiwa yameshika koti lote jeusi. Pindo la koti lilikuwa limetafunwa.

Wanawake wa pale walishika midomo.

"Karibuni, bashemeki," Zorobabel akasema. "Ku Butembo, muzee anawekwaka na mbuzi?"

Watu wake walicheka. Vijana walishusha mfuko wa kwanza, kisha wa pili, kisha wakachungulia ndani kutafuta mingine.

"Mulisema ine," Zorobabel akaendelea. "Naona mbili. Na hizi mbili zimepitia kwa kinyozi."

Safari hii hawakucheka wote. Jokébed alikaza kitenge chake kiunoni na kutazama pembeni. Pazia la mlango wa nyumba lilitikisika. Muyisa alilitazama lile pazia.

Malachie alimgeukia msemaji wake. Mzee Lusenge alijipangusa manyoya mara mbili bila mafanikio.

"Sababu iko," alisema. "Mwenye sababu ni yule binti."

Macho yote yakamgeukia Jemima. Alifikiri atakufa, kisha akaona kwamba hafi. Alifungua daftari. Alieleza namba tisini na sita, na herufi S, na kilo mia sita na ishirini. Mwanzoni waliokuwa nyuma walisema "sauti", akaongeza. Alisema mifuko miwili iliyobaki, na vichwa vyote vinne, vitafika wiki ijayo, tairi zikipatikana. Zorobabel, mtu wa mizani, alisikiliza kwa makini zaidi kuliko alivyotaka.

"Viazi, sawa," alisema. "Nimeelewa. Lakini mama mbele na muzee ku mbuzi, hiyo ni namba gani?"

Jemima alilifunga daftari.

"Nauliza, mademoiselle."

"Siwezi kusema, papa."

"Hesabu yote unayo, hii moja hauna?"

"Ninayo. Siwezi kusema."

"Donc kuna kitu munatuficha." Aliinua mkono, na vijana waliokuwa wanawafungua mbuzi kamba wakaacha. "Tulingoja mara mbili. Mara ya tatu munatuletea msemaji wenu kama muzigo, na mutoto anatuambia hapana kusema. Miye sipokee mahari yenye siri."

Malachie alimtazama bintiye kwa macho ya kuomba. Muyisa pia. Jemima alikuwa amelikumbatia daftari, machozi yamesimama, lakini midomo haikufunguka. Aliahidi. Kama angevunja ahadi hiyo uani pale, mbele ya watu sitini, asingeweza tena kumtazama tante wake machoni.

Bénite aliweka bidoni chini.

"Kilo mia moja na kumi na mbili," alisema.

Watu hawakuelewa.

"Miye. Mia moja na kumi na mbili. Na kilemba." Alisogea mpaka mbele ya Zorobabel. "Mutoto huyu alinipima asubui, nikamuambia afunge kinywa. Munaona namna anafunga. Ndoa ya yaya yake Muyisa iko inakufa hapa, yeye anafunga tu. Sasa, shemeki, weye ni mutu ya bascule, fanya hesabu. Mbuzi moja ni kilo makumi mbili na munane. Kama ningeketi nyuma pahali ya muzee, mbuzi mbili zingelala Butembo. Chagua. Unapenda muzee ashuke muzuri na mbuzi ine, ao unapenda mbuzi sita na shangazi mbele?"

Zorobabel alimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akarudi juu. Uso wake ulijitahidi kubaki mgumu. Tumbo ndilo lililoanza, kisha mabega.

"Mama," alisema alipoweza, "miye niko mia na ine. Sijaambia hata bibi yangu."

"Wasingya," Bénite akamshukuru. "Sasa batu wote wanajua."

Uani pote pakalipuka. Mke wa Zorobabel, aliyekuwa jikoni, alisikika akisema yeye alijua siku nyingi, kitanda kilimwambia. Mbuzi wakafunguliwa, mmoja mmoja, wakahesabiwa kwa sauti mpaka sita. Jokébed alipewa kiti karibu na mama wa Adèle, ambaye alibonyeza mfuko mmoja na kusema kwamba angalau hivi mtu anaona alichopewa. Pazia likafunguka, na Adèle akatoka na sinia la maji ya kunawa, akaanza kwa Muyisa, akanusa, akacheka.

Chakula kilipokuwa tayari, wanaume hawakuwapo. Walikuwa upande wa pili wa ua, karibu na pick-up ya Zorobabel ya kubebea kakao. Zorobabel na Mzee Lusenge walikuwa wamepiga magoti mavumbini, bega kwa bega, na suruali zao za sherehe.

"Mademoiselle," Zorobabel aliita. "Kuya kidogo. Hapa imeandikwa makumi munane na munane, T. Hii inabeba ngapi?"

Jemima hakuhitaji daftari. "Kilo mia tano na makumi sita, papa. Kila moja."

Zorobabel aliipapasa ile tairi. Alikuwa anaona mifuko ya kakao, safari za wiki nzima. Alisimama, akajipangusa magoti, akamwambia dereva wake kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu gari halitoki. Kisha mtu mwingine akasema, "Na yangu?" na mwingine akasema lake liko nje, na Jemima akapelekwa kutoka gari hadi gari, akichuchumaa na kusoma. Malachie alimfuata nyuma, mikono mgongoni, akiwaeleza watu wote kwamba herufi ni mbio tu, mbio haina maana, mutu ya akili anatazamaka namba.

Ilibidi Bénite mwenyewe aje kuwaita waje kula. Sahani yake ilikuwa tayari imeisha mara moja: wali, sombe, nyama. Alimshika Jemima mkono, akamketisha kando yake, akamsukumia kipande kikubwa cha nyama. Mpakuzi alikuwa amesimama mbele yao na mwiko hewani.

"Niambie kweli," Bénite akanong'ona. "Nikiongeza, tutapanda Kabasha?"

Jemima alihesabu. Hakunong'ona.

"Mbuzi zimeshuka, tante, na viazi vimeshuka. Iko nafasi ya kilo mia tatu na makumi sita na munane."

Bénite akasogeza sahani yake mbele.